Sura ya Tano: “Lakini Huku Kwetu Haupo”

Mazungumzo ya ukeketaji yakifika Arua au Koboko, iwe kwenye kikao cha wazazi shuleni au kwenye foleni ya kituo cha afya, swali huwa lile lile: jambo hili linatuhusu nini sisi? Walugbara hawakeketi. Wakakwa hawakeketi. Bibi zao hawakukeketwa, na mama zao pia. Anayeuliza hivyo hana nia mbaya, na kuhusu mila za kwao anasema kweli.

Swali hilo linastahili jibu refu. Ukeketaji West Nile, eneo la Arua na Koboko kaskazini magharibi mwa Uganda, ni wa nadra, na unadra huo ndio unaoleta hatari ya aina yake, kwa sababu watu wote wanaopaswa kumwona binti aliye hatarini hawamtarajii. Muuguzi wa Kapchorwa, upande wa pili wa Uganda, anajua la kuuliza na anajua la kutazama. Mwenzake wa Koboko anaweza kumhudumia mama mjamzito kliniki miezi yote, kisha siku ya kujifungua, uchungu ukiwa umekwisha kukolea, ndipo akagundua kwamba mama huyo alishonwa utotoni. Mwalimu wa Arua akiona binti amerudi kutoka likizo ana huzuni na hakai vizuri kwenye benchi, atafikiria malaria, njaa, au ugomvi wa nyumbani. Ukeketaji hautamjia akilini.

Ukeketaji ni nini hasa

Ukeketaji ni kukata, kuondoa au kujeruhi sehemu za siri za nje za mwanamke pasipo sababu ya kitabibu. Shirika la Afya Duniani linautambua kwa aina nne. Katika aina ya kwanza hukatwa kisimi, kiungo kidogo chenye hisia nyingi kilicho juu ya tundu la mkojo, chote au kipande chake. Katika aina ya pili hukatwa pia mashavu ya ndani ya uke. Aina ya tatu ni nzito kuliko zote: mashavu hukatwa, kisha kingo za kidonda huunganishwa, kwa kushonwa au kwa kumfunga msichana miguu mpaka nyama zishikane, kikaachwa kitundu kidogo tu cha mkojo na hedhi. Aina ya nne inakusanya majeraha mengine yote, kama vile kuchoma, kutoboa na kukwangua.

Wazazi wengi huuliza mbona wavulana hutahiriwa na hakuna anayelalamika. Mvulana huondolewa ngozi inayofunika kichwa cha uume; kichwa chenyewe hubaki. Kisimi cha mwanamke, kwa maumbile, ndicho kinacholingana na kichwa hicho. Tohara ya mvulana imethibitishwa kupunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke. Ukeketaji haujawahi kuonekana kuleta faida yoyote ya afya.

Madhara yake huanza siku ile ile: maumivu makali, kuvuja damu nyingi, kushindwa kukojoa, pepopunda, na maambukizi ya wembe uliopita kwa msichana mmoja hadi mwingine. Mengine husubiri miaka. Hedhi huwa ya mateso, tendo la ndoa huwa la hofu, na uzazi huwa na hatari zaidi. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti uliofuatilia uzazi wa wanawake wapatao 28,000 katika nchi sita za Afrika, Kenya na Sudan zikiwemo. Wanawake waliokeketwa kwa aina ya tatu walikuwa na uwezekano wa kupasuliwa wakati wa kujifungua uliozidi wa wenzao wasiokeketwa kwa asilimia 30, na wa kuvuja damu nyingi baada ya kujifungua uliozidi kwa asilimia 70. Watoto wao pia walikufa kwa wingi zaidi wakati wa kuzaliwa au mara baada yake.

Kuhusu dini, jambo moja linahitaji kusemwa wazi katika mji wenye Waislamu wengi kama Koboko. Kaskazini mwa Sudan ile aina ya kushona huitwa ya kifirauni, na ukataji unaodhaniwa kuwa mwepesi huitwa sunna. Jina hilo limewatuliza wazazi wengi wacha Mungu wakaamini wanatimiza ibada. Novemba 2006 wanazuoni wa Kiislamu walikutana Al-Azhar, Cairo, wakatamka kwamba ukeketaji hauna msingi katika Qurani wala katika hadithi zilizothibiti, na kwamba unamdhuru mwanamke. Makanisa nayo hayana andiko la kuutetea. Desturi hii ni kongwe kuliko dini zote mbili katika ardhi ya Afrika Mashariki.

Namba ndogo inaficha nini

Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa 2011 ulionyesha kwamba wanawake 1.4 kati ya kila 100 nchini Uganda, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamekeketwa. Ule wa 2016 ulionyesha asilimia 0.3. Mtu wa Arua akisoma namba hizo ana haki ya kuona jambo limekwisha.

Lakini wastani wa taifa huchanganya wilaya ambako hakuna kabisa na wilaya ambako upo kwa wingi. Ukeketaji Uganda umejikita mashariki na kaskazini mashariki: kwa Wasabiny wa Kapchorwa, Kween na Bukwo, kwenye mteremko wa Mlima Elgon, kwa Wapokot wa Amudat, na kwa Watepeth wa Moroto. Hesabu ikifanywa katika wilaya hizo peke yake, robo hivi ya wanawake wanakutwa wamekeketwa. Na hata huko namba hupanda na kushuka. Mwishoni mwa 2018 na Januari 2019, wakati wengi waliamini ukeketaji umeshindwa, makundi ya wanawake yalikeketwa Kween na Bukwo, na polisi wakakamata watu.

Sasa mwanamke wa Amudat akiolewa na askari aliyehamishiwa Arua, hahesabiwi tena mashariki. Binti yake anasoma Arua, na bibi yake yuko Amudat. Namba ya West Nile itaendelea kuonekana sifuri, na likizo ya Desemba itafika.

Watu wanaosafiri, na desturi zinazosafiri nao

Koboko iko mahali ambapo Uganda, Sudan Kusini na Kongo zinakutana. Salia Musala, mahali pa mpaka wa nchi hizo tatu, pako ndani ya wilaya hiyo. Soko la Arua lina Kilugbara, Kiswahili, Kinubi, Kilingala na Kiarabu cha Juba. Eneo kama hili haliwezi kuwa na mila moja.

Tangu vita vilipozuka Sudan Kusini Desemba 2013, na zaidi baada ya mapigano ya Julai 2016, mamia ya maelfu ya watu wameingia West Nile. Wako Rhino Camp na Imvepi, makazi yaliyokuwa sehemu ya Arua kabla ya wilaya kugawanywa; wako Bidibidi, Yumbe; huku Lobule, wilayani Koboko, wakimbizi walio wengi wakiwa Wakongo. Makabila mengi ya Sudan Kusini yanayopakana na West Nile hayakeketi. Hata hivyo vita vya miaka mingi viliwapeleka watu wengi wa kusini kuishi Khartoum, mji ambao binti asiyekeketwa alichekwa na wenzake, na baadhi ya familia hizo zilichukua desturi ya wenyeji ili mabinti wao wapokelewe na waolewe. Ziliporudi kusini, na baadaye zilipokimbilia Uganda, zilikuja na wanawake waliokwisha kukatwa.

Kisha Aprili 2023 vita vikalipuka Khartoum kwenyewe. Wasudan wamekimbilia Uganda kwa maelfu, na wengi wamepokelewa Kiryandongo, kwenye barabara ile ile ya mabasi ya Arua. Sudan ni nchi ambayo utafiti wa 2014 uliwakuta wanawake wapatao 87 kati ya kila 100 wamekeketwa. Sheria ya kuharamisha ilikuja huko Julai 2020 tu, na haikupata hata miaka mitatu ya amani ya kufanya kazi.

Wapo pia Wanubi, wajukuu wa askari wa Emin Pasha waliobaki kando ya Nile karne ya 19, ambao leo ni wenyeji kamili wa Arua na Koboko. Wapo wafanyabiashara Wasomali. Jamii hizi mbili zimetajwa katika taarifa kuhusu ukeketaji Uganda, na hapa ndipo mwandishi na msomaji wanapaswa kuwa waangalifu sana. Kutajwa kwa jamii si ushahidi dhidi ya jirani. Mnubi mmoja anaweza kuwa mpinzani mkali wa ukeketaji kuliko mwalimu wa shule. Mama Msudani aliyevuka mipaka miwili na watoto mgongoni anaweza kuwa alikimbia pamoja na mambo mengine ili binti yake asiguswe na kisu. Ukimtazama kama mshukiwa, atakufungia mlango, na binti atabaki ndani.

Watu wa Koboko na Arua wanaielewa hali hii kuliko wanavyodhani. Baada ya Idi Amin kuanguka 1979, wao wenyewe walikimbilia Sudan na Zaire kwa maelfu, wakakaa miaka, na wanakumbuka ilivyokuwa kunong’onwa na wenyeji.

Kwa ufupi mpaka hapa: Walugbara na Wakakwa hawana mila ya ukeketaji, lakini katika eneo lao wanaishi mabinti wenye jamaa kule unakofanyika. Hatari inafuata familia na safari. Haifuati kabila peke yake, wala dini, wala pasipoti.

Kwa nini msichana hasemi

Mchukulie binti wa miaka 12, darasa la sita, katika shule ya msingi mjini Arua. Shangazi amefika kutoka mbali. Nyumbani kunazungumzwa safari ya likizo, na kila binti akiingia chumbani watu wazima hubadilisha mazungumzo. Dada yake mkubwa alisafiri hivyo hivyo miaka mitatu iliyopita, na tangu aliporudi hataki kuulizwa.

Binti huyu ana sababu tatu za kunyamaza, na kila moja ina nguvu. Ya kwanza ni haya: hana hata maneno ya kutaja sehemu hiyo ya mwili mbele ya mtu mzima. Ya pili ni mapenzi. Wanaopanga jambo hili ndio wanaompenda, wanaomlisha na kumlipia ada. Mama yake anaamini kwa dhati kwamba anamwandalia ndoa na heshima. Ya tatu ni jela. Sheria ya Uganda inampa mzazi anayemkeketa mwanawe adhabu nzito kuliko mtu baki, na binti akiambiwa “ukisema, utamfunga mama yako maisha”, haambiwi uongo mtupu.

Kwa hiyo kumsubiri aje kusema mwenyewe ni kumwachia mtoto mzigo wa watu wazima. Dalili zenyewe si za kificho sana kwa anayezijua:

– safari ndefu ya ghafla, hasa Desemba, kwenda mahali ambako jamaa zake hukeketa;
– mama au dada aliyekwisha kukeketwa;
– mgeni wa kike anayefika kwa siku chache, na shughuli ya nyumbani isiyoelezwa;
– binti kusema kwamba atafanyiwa kitu “awe mwanamke” au “awe safi”;
– na baada ya tukio: kutembea kwa shida, kukaa chooni muda mrefu, kukosa shule kila mwezi, kukataa michezo, kujitenga.

Dalili moja peke yake haithibitishi kitu. Watoto husafiri Desemba kwa sababu ni Krismasi. Mbili au tatu zikikutana, inafaa mwalimu mlezi wa wasichana amwite binti mahali pa faragha amuulize maswali mepesi: safari ni ya wapi, nani anakwenda, unaionaje? Asimuulize mbele ya mwalimu wa kiume, asiandike wakati binti anaongea, na asimwahidi kwamba siri itabaki baina yao, maana hataweza kuitunza.

Sheria inayofika kabla ya kisu

Bunge la Uganda lilipitisha sheria ya kupiga marufuku ukeketaji Desemba 2009, ikaanza kutumika 2010. Mwaka huo huo Mahakama ya Katiba ilitamka kwamba desturi hiyo inavunja katiba. Anayekeketa hufungwa mpaka miaka kumi. Ikiwa aliyekeketwa amekufa, amepata ulemavu au ameambukizwa VVU, au mkeketaji ni mzazi, mlezi au mhudumu wa afya, adhabu hufika kifungo cha maisha. Ridhaa ya binti au ya mzazi haiwi kinga. Kumbagua au kumdhalilisha mwanamke kwa sababu hakukeketwa nako ni kosa. Mkimbizi analindwa na sheria hii sawa na raia, na anafungwa nayo sawa na raia. Kumpeleka binti ng’ambo ya mpaka hakumwondoi mhusika mikononi mwake.

Watu hukumbuka vifungo na kusahau kipengele chenye msaada mkubwa kuliko vyote. Hakimu anaweza kutoa amri ya ulinzi, yaani agizo la mahakama linalozuia binti fulani asikeketwe, kabla tendo halijafanyika. Mtu yeyote anaweza kuiomba. Mahali kama Arua hii ndiyo njia inayofaa zaidi, kwa sababu inamjibu yule binti aliyeambiwa atamfunga mama yake. Mama hajatenda kosa bado. Amri inamzuia asilitende, na inampa pia la kumwambia shangazi na wazee wa ukoo: mahakama imekataa. Wapo akina mama wanaolitafuta neno hilo na hawana mtu wa kuwapa.

Sheria pia inamtaka mwenye habari za ukeketaji uliofanyika au unaopangwa atoe taarifa ndani ya saa 24. Kunyamaza kwa heshima ya jirani kunaweza kumfikisha mtu mahakamani.

Walichojifunza Wasabiny

Mwaka 1988 baraza la wilaya ya Kapchorwa lilipitisha azimio kwamba kila mwanamke akeketwe. Halikudumu, lakini linaonyesha safari ilianzia wapi. Mwanamke asiyekeketwa alikatazwa kupanda ghalani kuchukua nafaka, kukamua ng’ombe, na kuzoa samadi ya kukandikia nyumba. Kwa mkulima wa mlimani makatazo hayo yalimfanya mtoto katika nyumba yake mwenyewe. Jane Frances Kuka alikataa kukeketwa katika mazingira hayo, akawa mwalimu, kisha mbunge na waziri.

Mabadiliko yalianza wazee wenyewe walipokaa. Chama cha Wazee wa Sabiny kiliundwa 1992, na mwaka 1996 kikaingia katika mpango wa REACH uliosaidiwa na Umoja wa Mataifa. Walipembua mila zao moja moja: mafunzo ya unyago yabaki, zawadi zibaki, sherehe ibaki, kisu kiondoke. Mwaka 1998 chama hicho kilipata Tuzo ya Idadi ya Watu ya Umoja wa Mataifa.

Sheria ya 2010 iliongeza nguvu, na pia ikawasukuma wakaidi mafichoni: usiku, msituni, au ng’ambo ya mpaka wa Kenya. Ndiyo sababu Aprili 2019 mawaziri wa Uganda, Kenya, Tanzania, Ethiopia na Somalia walikubaliana Mombasa kushirikiana dhidi ya ukeketaji wa kuvuka mipaka. Msomaji wa Koboko atazame orodha hiyo tena. Sudan Kusini na Kongo, majirani zake wawili, hazimo. Mpaka wa mashariki una makubaliano. Wa West Nile unalindwa na watu wanaoishi kando yake.

Somo la Wasabiny linalohamishika mpaka Arua ni kwamba ndani ya kila jamii yupo mtu anayesikilizwa. Kwa Wanubi anaweza kuwa hajjati mmoja mzee. Kwa Wasudan wa makazini, mkunga aliyekuja nao. Msikitini, imamu anayeujua msimamo wa Al-Azhar. Kampeni ya watu wa nje inayoanza na mabango bila kumpata mtu huyo hufunga milango mingi kuliko inayofungua.

Taarifa ipelekwe wapi

Nambari 116, Sauti, ni simu ya bure ya watoto nchini kote. Kituo cha polisi kina dawati la mtoto na familia. Wilaya ina afisa wa ustawi wa jamii, mwenye mamlaka ya kumwombea mtoto ulinzi mahakamani. Mwenyekiti wa kijiji (LC1) anaijua nyumba. Katika makazi ya wakimbizi kuna viongozi waliochaguliwa na wakimbizi wenyewe, ofisi ya serikali chini ya Waziri Mkuu, na mashirika ya ulinzi wa mtoto. Mtoa taarifa aseme jina la binti, mahali alipo, tarehe ya safari na nani anaandamana naye. Tarehe ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayowaambia polisi kama wana wiki mbili au saa sita.

Isipelekwe kwenye redio, wala kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Jina la binti likisambaa Arua kwa namna hiyo, atalibeba mpaka uzeeni.

Waliokwisha kukeketwa

Wanawake hawa wapo West Nile leo, na wanazaa katika vituo vya afya vya West Nile. Wanahitaji kuulizwa mapema, kliniki, kwa maneno ya kawaida na mlango ukiwa umefungwa: je, ulikatwa au kushonwa ulipokuwa mdogo? Wengi hujibu wakiulizwa kwa upole, kwa sababu kwao si siri. Kilichokosekana ni muulizaji. Jibu likiandikwa kwenye kadi, mama aliyeshonwa anaweza kufunguliwa na mhudumu aliyefunzwa kabla ya uchungu au unapoanza, kwa ganzi, badala ya kuchanika au kuchanwa kwa haraka usiku wa manane. Mhudumu asimkaripie wala asiwaite wenzake waje kutazama.

Baada ya kujifungua, baadhi ya waume au mama wakwe huomba ashonwe tena kama alivyokuwa. Jibu ni hapana: Shirika la Afya Duniani linawakataza wahudumu wa afya kufanya hivyo kwa hali yoyote. Na mtoto aliyezaliwa akiwa wa kike, mkunga azungumze na mama, na baba akiwapo, kabla hawajaruhusiwa kurudi nyumbani, kisha amwelekeze kwa mhudumu wa afya wa kijiji chake. Mama ambaye majuma machache yaliyopita alieleza kwa mdomo wake jinsi alivyokatwa huwa tayari kuzungumza siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote.